Wenzi Waliosahauliwa: Maneno ya Kale ya Kiingereza Yenye Maana ya Rafiki na Mwandani, na Funzo Lake kwa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Katika lugha ya Kiingereza limo kundi la maneno ambayo zamani yalimtaja mwenzi, yaani mtu wa kufuatana naye safarini, wa kula naye, wa kupigana bega kwa bega naye, au wa kushirikiana naye katika mali na ibada. Mengi kati ya maneno hayo hayasikiki tena. Mengine yangali yakisikika, lakini maana yake imehama, pengine hata kugeuka kuwa tusi. Mhadhara huu unachunguza asili ya baadhi ya maneno hayo, sababu za kufifia kwake, na mambo ambayo wanaoshughulika na Kiswahili wanaweza kujifunza kutokana na historia hiyo.

Huenda ikaulizwa: maneno yaliyokufa ya lugha ya kigeni yana faida gani kwa taaluma za Kiswahili? Faida zake ni mbili. Kwanza, fasihi ya Kiingereza ya karne za nyuma imetafsiriwa na ingali ikitafsiriwa kwa Kiswahili, na mfasiri asiyejua kwamba neno fulani lilikuwa na maana nyingine hupotosha bila kukusudia. Pili, Kiswahili nacho kina utajiri mkubwa wa maneno ya uandani, na sehemu ya utajiri huo inatoweka. Anayetaka kujua jinsi neno la namna hii linavyokufa atafaidika kwa kuitazama lugha ambayo vifo vya maneno yake vimeandikwa kwa tarehe.

Hoja kuu itakayojengwa ni hii: neno linalomtaja mwenzi, katika asili yake, hutaja kitu ambacho watu wawili wanashirikiana. Kitu hicho kinapokoma kuwa na uzito katika maisha ya jamii, neno hubaki bila nguzo. Ama huanguka, ama hutafuta maana nyingine ya kuegemea.

2.0 Wenzi wa Safari na wa Mezani

Kiingereza cha Kale, kilichosemwa hadi takriban mwaka 1100, kilikuwa na kiambishi awali «ge-» ambacho mara nyingi kilibeba dhana ya kuwa pamoja. Kiambishi hicho kilipowekwa mbele ya mzizi wenye maana ya kwenda, lilipatikana neno «gefera», yaani mtu aendaye pamoja na mwingine. Kilipowekwa mbele ya neno «sith», lililokuwa na maana ya safari, lilipatikana «gesith», yaani mwenzi wa safari. Jambo hili si geni kwa msomi wa Kiswahili. Neno rafiki lilitoka katika Kiarabu, na huko «rafiq» ni mtu wa kufuatana naye njiani. Waarabu husema kwamba mwenzi hutafutwa kabla ya njia. Waingereza wa kale na Waarabu, bila ya kujuana, walipima urafiki kwa kipimo kimoja: ni nani anayefaa kusafiri naye mahali ambapo njia ina hatari?

Hata hivyo, «gesith» halikubaki neno la njiani. Wafalme wa wakati ule walitembea na kundi la mashujaa waliokula kwao na kulala kwao, na kila shujaa wa kundi hilo aliitwa «gesith». Taratibu neno likawa cheo. Katika sheria za Ine, mfalme wa Wessex aliyetawala kuanzia mwaka 688 hadi 726, mtu wa daraja hilo anaonekana akiwa mwenye ardhi, mwenye haki na wajibu wake mahususi. Baadaye cheo hicho kilichukuliwa na neno jingine, «thegn», ambalo awali lilimtaja mtumishi. Hivyo mtumishi akapanda, na mwenzi akasahauliwa.

Meza ya mfalme nayo ilizaa maneno yake. Utenzi wa Beowulf, ambao nakala yake pekee ya mkono ni ya takriban mwaka 1000 na imehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza mjini London, umejaa majina ya namna hiyo. Humo mna «beodgeneat», mwenzi wa mezani. «Heorthgeneat», mwenzi wa mekoni, yaani wa kuota moto pamoja. Na «eaxlgestealla», mtu asimamaye begani kwa mwenziwe vitani. Katika mawili ya kwanza mna neno «geneat», ambalo asili yake ni kushirikiana katika kunufaika na kitu. Ndugu yake katika Kijerumani ni «Genosse», neno ambalo vyama vya kisoshalisti vya Ujerumani vimelitumia kwa kuitana wanachama wao.

Lakini nchini Uingereza «geneat» lilikwenda njia nyingine. Kufikia karne ya 11, hati za mashamba makubwa zinamtaja «geneat» kuwa mpangaji wa ardhi, mwenye wajibu wa kupanda farasi na kupeleka habari za bwana wake, kubeba mizigo na kusaidia wakati wa mavuno. Aliyekuwa akila na bwana sasa anamlipa bwana kwa kazi. Neno halikubadilika umbo. Uhusiano wa watu ndio uliobadilika ndani yake.

Neno «gefera» ndilo lililodumu kuliko yote ya kundi hili. Katika Kiingereza cha Kati lilifupishwa likawa «fere», likamtaja mwenzi, na pia mke au mume. Lilizeeka na kutoka katika matumizi ya kawaida ya Uingereza, lakini Uskoti haikuliacha mapema. Robert Burns alilitumia kwa umbo la «fiere» katika «Auld Lang Syne», wimbo alioupeleka kwa mchapishaji mwaka 1788 na ukachapishwa mwaka 1796. Wengi wanaouimba wakati wa kuukaribisha mwaka mpya hupita juu ya neno hilo bila kujua kwamba wanamtaja mwenzi wa safari.

Halikadhalika lilikuwapo neno «make», lenye maana ya mmoja wa jozi, mwenzi anayelingana na mwingine. Geoffrey Chaucer, katika karne ya 14, alilitumia katika utungo wake kuhusu bunge la ndege, ambamo kila ndege anamchagua «make» wake. Neno hilo limefunikwa na kitenzi chenye tahajia hiyohiyo na maana ya kutengeneza, ila jamaa yake, «match», lingalipo.

3.0 Mali, Mkate na Chumba

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 8 watu wa Skandinavia waliishambulia Uingereza, na kuanzia mwaka 865 jeshi lao kubwa liliingia na baadaye sehemu yake ikalowea. Miongoni mwa maneno waliyoyaacha ni «felagi», lililoundwa kwa neno «fe», yaani mifugo au mali, na mzizi wenye maana ya kuweka chini. Basi «felagi» alikuwa mtu aliyeweka mali yake pamoja na ya mwenziwe katika biashara au safari ya bahari. Kwa Kiswahili cha leo angeitwa mshirika au mbia.

Neno hili lina tukio la kihistoria. Mwaka 1016, baada ya vita vya Assandun, Mfalme Edmund wa Waingereza na Cnut wa Denmark walikutana katika kisiwa kimoja cha mto Severn na kugawana nchi. Tarihi ya Waanglo-Saksoni, katika moja ya nakala zake, inaeleza kwamba wafalme hao walikuwa «feolagan» na ndugu wa kiapo, «wedbrother» kwa umbo lililozoeleka baadaye. Jamii nyingi za Afrika Mashariki ziliujua undugu wa namna hiyo, na Kiswahili kina kitenzi chake, kuchanjiana. Tofauti ni kwamba mapatano ya Severn hayakupata muda wa kujaribiwa: Edmund alifariki tarehe 30 Novemba mwaka uleule, na Cnut akatawala nchi yote. Neno la ndugu wa kiapo limekufa. Neno la washirika wa mali limeishi hadi leo kwa umbo la «fellow».

Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, lugha ya kasri na mahakama ikawa Kifaransa, na maneno mengine ya uandani yakaingia. Lililo kubwa kati ya hayo ni «companion». Asili yake ni Kilatini cha baadaye, «companio», yaani mtu wa kula naye mkate: «com», pamoja, na «panis», mkate. Wataalamu huliona kuwa tafsiri ya sisisi ya neno la Kijerumani cha kale lililoundwa kwa namna hiyohiyo. Kwa hiyo neno linaloonekana kuwa la Kifaransa kwa mavazi lina wazo la makabila ya kaskazini. Nalo neno «mate», lililoingia katika karne ya 14 kutoka Kijerumani cha pwani ya kaskazini, lina maana ya karibu sana: mtu wa kushirikiana naye chakula.

Katika karne ya 16 likaja «comrade», kwa njia ya Kifaransa kutoka Kihispania «camarada», nalo linatokana na «camara», chumba. Askari waliolala chumba kimoja waliitana hivyo. Inavyoelekea, «chum», lililokuwa neno la wanafunzi wa Oxford katika karne ya 17, nalo ni mkato wa maneno yenye maana ya mwenzi wa chumba.

4.0 Neno Linaposhuka Hadhi

Si kila neno la mwenzi hufa. Mengine huishi kwa kushushwa. Wanaisimu wameyaeleza mabadiliko hayo kuwa ni kudhalilika kwa maana, na hakuna uwanja wa msamiati unaoonyesha jambo hilo kwa uwazi kuliko huu.

Mfano wa kwanza ni «gossip». Katika karne ya 11 lilikuwa «godsibb», yaani jamaa kwa Mungu: mtu aliyesimamia ubatizo wa mtoto na kwa sababu hiyo akawa ndugu wa wazazi wake. Undugu huo haukuwa wa maneno matupu, kwani sheria ya Kanisa ilikataza ndoa kati ya watu waliofungamana hivyo. Kutoka hapo neno lilipanuka likamtaja rafiki wa karibu, hasa wanawake waliokusanyika kumsaidia mwenzao wakati wa kujifungua. Kisha, kuanzia karne ya 16, likamtaja mwanamke wa maneno mengi. Na katika karne ya 19 likawa jina la maneno yenyewe, yaani umbeya. Kifaransa kilipita njia hiyohiyo: «commère», mama wa ubatizo, aligeuka kuwa mmbeya. Lugha mbili zilizofikia mwisho mmoja zinadokeza sababu moja. Chumba cha uzazi kilikuwa mahali ambapo wanawake walizungumza bila wanaume kuwapo. Na walioandika juu ya mazungumzo hayo walikuwa, kwa sehemu kubwa, wanaume ambao hawakuyasikia.

Mfano wa pili ni «bully». Katika karne ya 16 lilimtaja mpenzi, kisha mtu mwema na mchangamfu. Katika tamthilia ya Shakespeare ya «A Midsummer Night's Dream», mafundi wenzake wanamwita Bottom hivyo kwa mapenzi. Leo neno hilohilo humtaja anayewaonea wanyonge.

Mfano wa tatu ni «rival». Kwa Kilatini lilimtaja mtu anayetumia kijito kimoja na mwingine. Watumiao maji pamoja ni majirani, lakini maji yakipungua ni wagombani. Shakespeare katika «Hamlet» alilitumia kwa maana ya walinzi wanaoshika zamu pamoja, maana ambayo imetoweka. Uliobaki ni ushindani. Kiswahili hakihitaji kuelezwa jambo hili kwa kirefu. Mke mwenza ni mwenzi kwa umbo la neno, na katika nyumba nyingi ni mshindani kwa tabia. Uwenzi na ugomvi hukaa katika mzizi mmoja.

Mfano wa nne unawahusu wafasiri moja kwa moja. Katika wakati wa Shakespeare, «companion» na «fellow» yaliweza kutumika kwa dharau, kumtaja mtu duni asiyestahili heshima. Katika «Julius Caesar», Brutus analitumia la kwanza anapomfukuza mshairi aliyeingia hemani bila kuitwa. Anayeandika rafiki mahali hapo amelitafsiri neno na kuipoteza tamthilia. Ikumbukwe kwamba tamthilia hiyo ni miongoni mwa kazi za kwanza za Shakespeare kuingia katika Kiswahili, kwa tafsiri ya Julius Nyerere iliyochapishwa mwaka 1963 na kurekebishwa mwaka 1969 kwa jina la «Juliasi Kaizari». Mwaka huo wa 1969 ndipo pia ilipotoka tafsiri yake ya «Mabepari wa Venisi». Katika tamthilia hiyo, kwa Kiingereza, mna neno «cater-cousins», lililowataja watu wanaopatana sana na ambalo limekwisha kuwa la kale. Maneno ya namna hii ndiyo yanayompima mfasiri, kwa kuwa kamusi ya kawaida ama haiyataji, ama humpa maana isiyo ya wakati ule.

5.0 Kwa Nini Yalikufa

Kutokana na mifano iliyotolewa, sababu tatu zinajitokeza.

Ya kwanza ni kufa kwa uhusiano wenyewe. Mfalme alipoacha kula na mashujaa wake na kuanza kuwapa ardhi, mwenzi wa mezani hakuwa na meza tena. Undugu wa kiapo ulipoacha kutambuliwa, jina lake lilikosa wa kuitwa kwalo.

Ya pili ni mashindano ya maneno. Katika Kiingereza cha Kati «fere», «make», «fellow» na «companion» yalikutana uwanjani. Lugha haipendi kubeba maneno mengi yenye maana moja kwa muda mrefu. Ama huyagawia kazi tofauti, ama huyaacha baadhi. Maneno ya Kifaransa yalikuwa na nguvu ya mahakama na ya vitabu, na la Skandinavia lilikuwa na nguvu ya soko.

Ya tatu ni kuchakaa kwa sauti. Kiambishi «ge-» kilidhoofika kikawa «y-», kisha kikapotea. Kilipopotea, alama ya kuwa pamoja ilipotea pia, na «fere» likabaki neno lisilojieleza. Msemaji wa Kiswahili husikia -shirik- ndani ya mshirika, na ndani ndani ya mwandani. Neno linalojieleza lina umri mrefu kuliko lisilojieleza.

6.0 Masalia katika Kiswahili

Maneno yaliyokufa huacha mabaki mahali yasipotarajiwa, na baadhi ya mabaki hayo yamefika Afrika Mashariki.

Jina Edwin hubatiziwa watoto wa Kenya na Tanzania. Silabi yake ya mwisho ni neno la Kiingereza cha Kale «wine», lenye maana ya rafiki, lililokufa kabisa isipokuwa katika majina kama hilo, Godwin na Baldwin. Silabi ya kwanza, «ead», ni neema au utajiri.

Neno kampuni limetoka katika «company», nalo ni mtoto wa «companion». Kila kampuni iliyosajiliwa, kwa asili ya neno, ni kundi la watu wanaokula mkate mmoja. Neno komredi lilipata umaarufu Zanzibar kwa wafuasi wa Umma Party, chama kilichoundwa mwaka 1963 na Abdulrahman Mohamed Babu, walioitwa Makomredi. Komredi na kamera ni ndugu, kwani yote mawili yanarudi katika chumba kilekile cha Kilatini. Tanzania Bara, kwa upande wake, haikuhitaji neno la kigeni: TANU ililichukua neno ndugu, la damu, na kulipa kazi ya siasa.

La kushangaza zaidi ni kaunti. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliigawa nchi katika kaunti 47. Neno hilo lilianza kwa Kilatini «comes», aendaye pamoja na mwingine, jina walilopewa wafuasi wa karibu wa mfalme mkuu wa Roma. Mfuasi akawa cheo, cheo kikawa eneo la utawala. Safari ya «gesith», kutoka njiani hadi kwenye ardhi, ilirudiwa na neno jingine, na safari hiyo haikukatika.

7.0 Funzo kwa Kamusi za Kiswahili

Historia hii imewezekana kusimuliwa kwa sababu kazi ya kuiandika ilifanywa. Mwaka 1857 Chama cha Filolojia cha London kiliamua kukusanya maneno yaliyoachwa na kamusi za wakati ule. Kutokana na uamuzi huo ilizaliwa Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, iliyoanza kutoka kwa mafungu mwaka 1884 na kukamilika mwaka 1928, ikiwa na tarehe na ushahidi wa kila maana. Mwaka 2009 ilichapishwa thesauri ya kihistoria iliyotayarishwa katika Chuo Kikuu cha Glasgow tangu mwaka 1965, ambamo maneno yote ya maana moja, yaliyo hai na yaliyokufa, yamepangwa pamoja kwa tarehe.

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, iliyotoka mwaka 1981, na matoleo yaliyoifuata, zimefanya kazi kubwa ya kusanifisha. Lakini kazi yake si kuonyesha ni lini neno lilianza kumtaja mtu fulani na ni lini liliacha. Mfano ulio karibu ni neno shoga. Katika Kiswahili cha pwani ni neno la heshima na mapenzi, ambalo mwanamke humwita mwanamke mwenzake. Katika matumizi yaliyoenea, hasa bara, limekuwa jina la kumdhihaki mwanamume, na mwanamke kijana anayelisikia kwa maana hiyo husita kulitumia kwa ile ya nyanya yake. Njia hii ni ile iliyopitwa na «gossip»: uandani wa wanawake umechukuliwa na watu wa nje ya uandani huo, ukageuzwa kejeli. Tofauti ni kwamba mabadiliko ya «gossip» yana tarehe, na ya shoga yamo vinywani mwa watu walio hai.

Hali kadhalika neno somo, linalomtaja mwenye jina moja na mwingine, na pia rafiki wa siri na mfundaji wa msichana, limebaki kwa vijana wengi kuwa kipindi cha darasani. Msena na muhibu hukutwa zaidi katika mashairi kuliko barazani. Kila moja kati ya haya linataja kitu kilichoshirikiwa: jina, siri, mapenzi, unyago. Kukusanya maneno hayo kunahitaji mambo matatu: kusomwa upya kwa tenzi na barua za kale ili kupata ushahidi wa maandishi, kuhojiwa kwa wazee wa lahaja mbalimbali, wanawake kwa wanaume, na kuandikwa kwa maana za zamani kando ya maana mpya, bila kuifuta mojawapo.

8.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba maneno ya kale ya Kiingereza yenye maana ya mwenzi yalijengwa juu ya vitu vya kushika na kuona: njia, meza, meko, bega, mifugo, mkate, chumba, kijito na maji ya ubatizo. Yalikufa uhusiano ulipokufa, yaliposhindwa na maneno yenye nguvu zaidi, au sauti zilipoyachakaza. Mengine yalidhalilishwa na watu ambao hawakuwa sehemu ya uandani uliotajwa.

Kiswahili kimo katika hatua ambayo Kiingereza kiliipita zamani. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Lakini dhiki za zamani zilikuwa na marafiki wa namna nyingi, na kila namna ilikuwa na jina lake. Majina ambayo wazee wangali wakiyajua yanaweza kuandikwa leo kwa kalamu na daftari. Wazee hao wakiondoka nayo, itabidi yatafutwe kama yanavyotafutwa ya Waingereza wa kale, katika nakala moja iliyonusurika.